Meza ya Binti Muhuri

3 Februari

Binti yangu,

Nakusalimu sana. Huku hatujambo. Mama yako mzima, mimi mzima isipokuwa kikohozi cha asubuhi, na hicho ni cha umri, hakihitaji pole. Natumaini wewe na mjukuu wangu hamjambo, na mumeo anaendelea salama na lori lake huko njiani.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu hupokei, na ukipokea unasema "nitakupigia baadaye, baba," na hiyo baadaye yako sijaiona. Isitoshe maneno ya simu hayana saini. Mtu anaweza kuyakana.

Sasa niingie kwenye shina la barua. Jana Meneja wenu alinipigia. Huyo nilimpokea mimi pale ofisi ya ardhi akiwa hajui hata kutoboa karatasi bila kujitoboa kidole. Leo ni mkubwa na bado ananiita mwalimu. Akaniambia kwa adabu zote, "Mzee, binti yako ameniletea ombi la kupunguziwa mafaili."

Kupunguziwa! Mtoto wa Mzee Muhuri! Jina hilo sikujipa mwenyewe, nilipewa na ofisi nzima, kwa sababu faili likipita mkononi mwangu lilikuwa limepita, hakuna wa kulirudisha. Na kanuni mnayoifuata mpaka leo ni yangu: faili ni la aliyelitia saini mwisho, na halihami meza mpaka lifungwe. Kabla ya hapo hati za viwanja vya watu zilikuwa zikizagaa, kila karani anasema "mimi nilimpa fulani," na fulani naye ana fulani wake. Nilipoileta kanuni, ujanja ule ukafa siku ileile.

Kwa hiyo nisikilize. Amka mapema zaidi. Chai unywe nyumbani, ofisini si hotelini. Mteja akianza kukusimulia jinsi babu yake alivyokipata kiwanja, mkatize kwa upole, umwulize namba. Kazi mbaya si mchezo mwema, na kazi haijamuua mtu, kinachoua ni mawazo. Kesho asubuhi nenda kwa Meneja umwombe msamaha na ulichukue ombi lako ulichane mbele yake.

Nilikudhamini kwa jina langu. Usilipake matope nikiwa bado hai.

Baba yako.


19 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia hamjambo. Hapa mjukuu wako mzima, ana jino linalotikisika na hataki mtu aliguse. Mimi nitakueleza hali yangu, lakini soma mpaka mwisho kabla hujaanza kupiga meza.

Msamaha sikuomba. Ombi bado liko kwa Meneja, nadhani amelikalia.

Umeniandikia kama mtu anayeijua meza yangu. Huijui. Karani mmoja alistaafu, mwingine akahamishwa, na nafasi zao hazikujazwa. Kwa kanuni yako mafaili yao yalikuwa hayana mwenyewe, kwa sababu waliotia saini wameshaondoka. Meneja akaniletea karatasi. "Tia saini hapa kwamba umeyapokea kwa muda tu." Nikatia. Kanuni yako, baba, haijui neno "kwa muda." Sasa ni yangu yote. Mengine yako juu ya meza, mengine kwenye kiti cha wageni, mengine chini ya meza hivyo nakaa miguu upande siku nzima. Mteja akija anasimama kwa sababu kiti chake kimekaliwa na karatasi.

Kisha kuna huyu mwenzangu wa meza ya pili tunayemwita Bwana Kesho. Mtu mwenye maneno matamu hujapata kuona. Anakuja na faili lililomshinda, anasema, "Dada, wewe ni mtoto wa Muhuri, una jicho. Hebu liangalie, kisha weka kasaini tu kwamba umeliona." Nikiweka, limekuwa langu. Najua sasa. Wakati ule sikujua, na nilipojua nilikuwa nimeshamwangalizia rundo zima. Nikilalamika, anacheka na kusema, "Kanuni ni ya mzee wako, mimi nifanyeje?"

Jumanne nilimsahau mjukuu wako shuleni. Nimeandika neno lenyewe, nilimsahau. Simu ilikuwa inalia chini ya mafaili na mimi siisikii. Nilipofika jua limezama, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlinzi amevaa koti la mlinzi. Hakulia. Hilo ndilo lililonikata maini, kwamba hakushangaa.

Nywele zinakatika. Huwa naingia chooni pale ofisini, nafunga mlango, nasimama tu, silii wala siombi, nasimama mpaka mtu abishe. Daktari alinipima presha mara mbili kwa sababu hakuiamini mashine yake. Akaniuliza nina miaka mingapi, nikamwambia, akatikisa kichwa.

Sasa nina ombi moja. Yule mpimaji ardhi aliyekuwa ghorofa ya pili amefungua ofisi yake ndogo na anataka karani. Mshahara una upungufu kidogo, lakini saa kumi watu wanafunga mlango na kwenda kwao. Nataka niende. Naomba radhi yako, baba. Niliingia pale kwa jina lako, sitaki kutoka kimyakimya kama mwizi, wala sitaki kuanza kwingine nikiwa na kinyongo chako mgongoni. Mzigo nilio nao unatosha.

Mama mpe salamu zake peke yake, usizichanganye na hizi.

Mwanao.


1 Machi

Binti,

Natumaini barua hii itakukuta huna homa, maana uliyoniandikia ni maneno ya mtu mwenye homa. Mimi sijambo. Nilikuwa sijambo zaidi kabla sijaifungua bahasha yako.

Radhi sitoi.

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, nikasoma tena, na kila mara naona mtu mmoja tu mwenye makosa, naye ndiye mwandishi. Nani alikushika mkono ukatia saini? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mimi nilipokuwa pale nilikuwa na meza mbili, yangu na ya karani aliyekuwa mlevi, na hakuna aliyeniona nimesimama chooni. Presha ni neno la siku hizi. Zamani tulikuwa tukichoka tunalala.

Huyo mpimaji namfahamu. Alikuwa akiacha kalamu wazi mpaka zinakauka. Kutoka ofisi ya serikali, yenye ngazi na bendera na dirisha la wateja, uende kukaa kwenye chumba cha mtu aliyepanga, ujiite karani! Watu wataniuliza binti yako yuko wapi siku hizi, niseme yuko wapi?

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ukiiacha kazi ile, usiniite baba. Nimeliandika na nimelitia saini, na unajua saini yangu haijapata kurudishwa.

Kuhusu mtoto, hilo ni kosa kubwa na lisirudiwe. Namtuma mama yako aje akusaidie wiki mbili, asije mtu akasema umekosa msaada. Akishaondoka sitaki kusikia neno la kisingizio.

Mzee Muhuri.


28 Machi

Mzee Muhuri,

Shikamoo sikuandikii, kwa sababu hiyo ni ya mzazi na wewe umeniondoa kwenye orodha. Nakujulia hali tu kama jirani anavyomjulia jirani.

Mama alifika salama. Siku ya pili tu aliniletea chakula ofisini kwa sababu nilikuwa nimekisahau. Alisimama mlangoni na bakuli mkononi, akaniangalia nimekaa miguu upande, akaangalia kiti cha wageni, akaangalia chini ya meza. Aliweka bakuli sakafuni kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuliweka, akarudi nyumbani, na jioni nilipofika alikuwa amekwisha kufungua sanduku lake na kupanga nguo zake kwenye kabati langu.

Wiki mbili zako zimepita, kama hujaona. Nimemwuliza lini anarudi. Nakuandikia jibu lake neno kwa neno kwa kuwa unapenda maneno yenye mwenyewe: "Mimi nilimsubiri arudi kutoka ofisi ile tangu nikiwa bibi harusi. Naye anisubiri kidogo, aone inavyokuwa."

Umesema kazi haijamuua mtu. Watu husema afe punda mzigo ufike, na wote hushangilia, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza punda. Mimi ndiye punda wako na nakujibu bila kuulizwa: mzigo haujafika, na mwenye mzigo amekaa kibarazani anapiga kelele.

Kama meza yangu ni nyepesi hivyo, njoo uikalie. Wiki mbili tu. Likizo yangu wananinyima kwa sababu hakuna wa kuyapokea mafaili, basi mpokeaji uwe wewe. Ukiimaliza ukiwa na miguu yako chini ya meza, nitamwomba Meneja msamaha mbele ya ofisi nzima na sitataja tena jina la mpimaji. Ukishindwa, unanipa radhi yangu.

Au sema huwezi, tujue.

Binti wa mkeo.


9 Aprili

Binti wa mke wangu,

Salamu. Hali yangu ni ya mtu anayejipikia.

Naja. Nimemwandikia Meneja, naye amejibu siku ileile, amefurahi mno, anasema nitakaa kama mshauri na vijana watachota hekima. Likizo yako ameipitisha. Uone mwenyewe kwamba mtu akiheshimika milango hufunguka.

Nitafikia kwa shangazi yako. Kwako sikanyagi mpaka umwombe Meneja msamaha ulioahidi, na mama yako mwambie sanduku lake aanze kulifunga pole pole. Mafaili usiyaguse, usiyapange, usije ukasema ulinirahisishia. Niachie kalamu mbili na ufunguo wa droo.

Mzee Muhuri.


12 Aprili

Mzee,

Salamu. Kalamu ziko mezani, ufunguo uko kwa mlinzi. Mama anasema watu wamezoea kumpa wembe mtoto anayeulilia, lakini mtu mzima akiulilia naye apewe, haina ubaguzi.

Binti wa mkeo.


24 Aprili
Ofisini

Binti,

Nakusalimu ukiwa umekaa huko na miguu juu. Mimi mzima kabisa, na ningependa ulitambue neno kabisa.

Nimefika hapa Jumatatu kabla ya mlinzi. Watu wa dirishani walinitambua, mmoja nusura alie, akasema, "Muhuri amerudi, sasa tutapata hati zetu." Nimeondoa mafaili chini ya meza siku ya kwanza, na miguu yangu iko chini ya meza, mbele, inavyotakiwa. Mafaili yenyewe nimeyahamishia dirishani, lakini hilo ni jambo la muda.

Nakiri kuna neno moja hukuniambia vizuri, nalo ni hii kompyuta. Enzi zangu tulikuwa tunaandika kwenye faili basi. Nyinyi mnaandika kwenye faili, kisha mnakuja kuyaandika yaleyale humu ndani, na mashine inakuuliza kama una uhakika. Nina uhakika, ningekuwa sina nisingeandika! Kijana wa mitambo amenifungulia kwa jina lako, kwa kuwa langu halimo. Kila asubuhi inaniandikia karibu kwa jina la mwanamke.

Huyo unayemwita Bwana Kesho umemsingizia. Sijakutana na kijana mwungwana namna ile. Ananiletea chai yangu bila kuulizwa, ananivutia kiti. Ameniletea na mafaili machache magumu, anataka tu nimwonyeshe njia kwa jicho la kizamani. Nimeyaangalia na nimemwekea saini kwamba nimeyaona. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyofundisha.

Anza kuutunga msamaha wako.

Mzee Muhuri.


26 Aprili

Mzee,

Salamu, na mama anakusalimu, huku anacheka.

Umemwekea saini mangapi?

Nilicheka mimi pia, nikacheka mpaka mjukuu wako akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikakasirika. Mimi alinifanyia hivyohivyo ukaniandikia mwiba wa kujichoma, wewe amekuongezea na chai.

Nakwambia tu kwamba nalala. Siku ya kwanza nililala mpaka mama akaja kuniwekea mkono puani. Jana nilimpeleka mtoto shule kwa miguu, akanionyesha kila duka na kila mbwa, kumbe vyote hivyo viko njiani na mimi nilikuwa sivioni.

Usisaini tena. Hilo nakuambia bila ubaya.

Binti wa mkeo.


6 Mei
Ofisini

Binti,

Salamu kwenu nyote. Mimi sijambo, isipokuwa macho yanauma na usingizi umenihama.

Rudi Jumatatu. Wiki mbili zimekwisha, na makubaliano yetu yamekwisha.

Usiniulize nani ameshinda. Hapa hakuna mashindano, hapa kuna wahuni. Yule kijana wa chai sasa hanioni, akipita mbele yangu anajifanya anazungumza na simu. Yale mafaili yake machache yalikuwa na mafaili mengine ndani yake. Nilipomrudishia moja, alinijibu mbele ya watu, "Mzee, lina saini yako." Nilimwambia atoke mbele yangu, nikampigia meza kikombe kikamwagika juu ya ramani ya mtaa mzima. Nimeikausha kwa shati langu.

Juzi nimemfokea mzee mwenzangu dirishani. Alianza kunisimulia kiwanja cha babu yake, nikamwuliza namba, hakuwa nayo, nikamwambia mtu mzima hovyo. Alivua kofia akaniomba msamaha. Yeye akaniomba mimi. Tangu hapo kila nikimsikia mtu anakohoa dirishani nadhani ni yeye amerudi.

Nilimwendea Meneja kumwambia nimetosheka, kazi ya ushauri nimeimaliza. Akacheka kidogo akasema niliyoyasaini niyafunge kwanza, kanuni ni yangu, yeye ni mwanafunzi tu. Niliona anafurahia.

Kanuni ni nzuri. Walioharibika ni watu. Hilo sibadiliki, na lile nililoandika tarehe moja Machi sibadiliki. Rudi kwenye meza yako.

Mzee Muhuri.


8 Mei

Mzee,

Salamu. Sisi wazima. Pole ya macho, na pole ya usingizi. Nakupa pole ijapokuwa mimi sikupewa.

Sirudi.

Barua ya kuacha kazi imekwisha kufika kwa Meneja, nimeipeleka leo asubuhi mkono kwa mkono wakati wewe umeinamia karatasi. Nilipita nyuma yako. Shati lako lilikuwa limechomoka na ulikuwa umekaa miguu upande. Nilitaka kusimama, nikakumbuka kwamba sina jina la kukuita, nikaendelea na ngazi.

Tarehe kumi na nane naanza kwa mpimaji, iwe kwa radhi au bila radhi. Makubaliano yetu umeyala, na hata hujafuta mdomo. Ulikubali kwamba ukishindwa utanipa radhi, na umeshindwa, wala usinitajie wahuni. Mimi niliishi na wahuni haohao na uliniita mvivu. Ningetaka kusema kwamba radhi yako siitaki tena. Ningekuwa muongo. Naamka usingizini na lile neno lako la usiniite baba, nimekwisha kulala vizuri kabisa, halafu linaniamsha.

Lakini ukinitaka nichague kati ya neno lako na mtoto wangu asikae tena kwenye kiti cha mlinzi, nimeshachagua.

Mama anasema shangazi amemwambia huli. Kula.

Binti wa mkeo, na wako kama ungetaka.


16 Mei
Nje ya mlango wako

Mwanangu,

Salamu ni zako, za mjukuu wangu, na za mama yako kama atazipokea. Sina ugonjwa wa kunilaza. Naiandika barua hii hapa nje, nimekaa kwenye tofali na karatasi iko juu ya paja, nitaipitisha chini ya mlango. Nilinyanyua mkono nibishe, nikaona nikianza kusema kwa mdomo nitaanza na lawama, maana mdomo wangu nimeuzoeza hivyo.

Jana nilifanya kosa. Watu wawili wana viwanja vinavyopakana. Mmoja ameuza chake. Mimi nikachukua faili la yule wa pili, mama mjane asiyemuuzia mtu hata jani, nikapiga juu yake muhuri wa uhamisho. Nikaingia na kwenye mashine, ikaniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo. Mimi, Muhuri. Angeamka siku moja amkute mtu anachimba msingi mlangoni pake. Aliyeligundua ni kijana wa mitambo, akalipeleka kwa Meneja, na Meneja akaniita ndani akafunga mlango.

Nilisimama nikingoja anigombeze. Ningekuwa mimi ningemgombeza mtu mpaka asikie na mlinzi. Yeye alinivutia kiti. Akasema kwa sauti ya chini, "Usijali, Mzee. Meza ni ya binti yako na mashine ilikuwa imefunguliwa kwa jina lake. Tutaandika jina lake, yeye si anaondoka? Heshima yako ibaki palepale."

Aliyasema kwa upole, kama anayekupisha kwenye foleni, na yakamtoka kwa wepesi, bila kutafuta maneno. Hapo ndipo moyo uliponilipuka. Nikamuuliza, "Mmeshamwandikia mangapi?" Akaangalia dirishani. Nikamuuliza mara ya pili. Akasema, "Mzee, ofisi ni ofisi."

Uliniambia presha, uliniambia mtoto, hilo la kuandikiwa makosa ya wengine hukuniambia. Sijui kama ulikuwa hulijui, au uliona sitakuamini. Usinijibu, maana majibu yote mawili yananiumiza, na la pili lingekuwa kweli.

Nilichukua karatasi nikaandika kosa ni langu, mimi baba mtu. Nikatia saini, nikapiga muhuri juu ya saini asije mtu akaibadilisha. Uhamisho nikaubatilisha mbele ya macho ya Meneja, na nakala nikaipeleka mwenyewe nyumbani kwa yule mama. Alinikaribisha maji. Nilishindwa kuyanywa, kila nikimwangalia naona nilivyokaribia kumtoa nyumbani kwake. Kisha nikarudi ofisini kuchukua koti. Meza nimeiacha imejaa, mafaili yote yana saini yangu. Meneja alinikimbilia mpaka kwenye ngazi, "Mzee, kanuni! Kanuni!" Nikamwambia kanuni ni mtoto wangu wa pili, na leo nimechagua wa kwanza. Watu wa dirishani walinisikia, basi na wasikie.

Usidhani nimesema kwamba kila ulichoniandikia kilikuwa cha adabu. Ile barua ya punda nitaingia nayo kaburini. Na mpimaji wako bado ana tabia ya kuacha kalamu wazi, mwambie nimesema. Lakini tangu jana natembea barabarani nikijaribu kukumbuka ni lini nilikuuliza kitu nikangoja jibu, na sijapata.

Radhi nimekupa. Ya kuacha kule, na ya kuanza huko uendako. Lile neno la tarehe moja Machi limefutwa, na aliyelifuta ni mwenye saini. Sikupi kwa sharti lolote, na kwa kuwa sijapata kutoa kitu bila sharti, sijui mtu hufanya nini baada ya hapo. Nadhani hungoja.

Nawasikia humo ndani, na pazia limesogea mara mbili. Fungua, mwanangu. Majirani wananitazama kama mtu aliyekuja kudai, na mimi nimekuja kuitwa baba.

Baba yako.